Chungu cha Bibi na Kikombe cha Karakana: Moto Unafanya Nini Ndani ya Udongo

Siku ya kwanza ya darasa huwa nawaacha wanafunzi wazunguke karakanani na washike vitu, maana chombo cha udongo hakieleweki kwa macho peke yake. Muhula uliopita dada mmoja, muuguzi kwa kazi yake, alichukua kikombe changu rafuni akakigonga kwa ukucha. Kikalia kama kengele. Akauliza, "Mwalimu, hiki nikikiinjika kwenye jiko la mkaa, si nitachemshia chai?"

Nikamwambia hapana, kitapasuka kabla maji hayajapata moto.

Akakirudisha rafuni taratibu. "Naomba unieleweshe. Bibi yangu ni wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa. Chungu chake alikichoma kwa nyasi na kuni, asubuhi kuwasha, mchana tayari. Tumekipikia maharage tangu sijaanza shule. Wewe hiki umekichoma mara mbili, kwa umeme, nyuzi elfu moja na mia mbili na zaidi. Sasa kipi kimeiva?"

Nimekuwa mfinyanzi kwa miaka mingi, na kwa miaka 14 nimefundisha, na swali hilo limenijia kwa sura nyingi. Wengine huuliza kwa nini mtungi unapoza maji na jagi la kauri halipozi. Wengine huuliza kwa nini sahani yao imepasuka ilipotolewa kwenye friji ikatiwa supu ya moto. Wote wanauliza jambo lile lile, na anayelijibu sawasawa amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kazi hii. Nimeona niliandike kwa urefu, kwa sababu nyuma ya swali la yule dada kuna dhana moja inayonikera: kwamba chungu cha bibi ni hatua ya chini ya ngazi, na kikombe cha karakana ni hatua ya juu ya ngazi ile ile.

Maji mawili

Tuanze na udongo wenyewe. Mwamba wenye madini ya feldispa ukipigwa na mvua kwa mamilioni ya miaka huoza. Kinachobaki ni vipande bapa vyembamba mno, vidogo kiasi kwamba hata darubini ya maabara ya shule haiwezi kukuonyesha umbo lake. Kaolini, udongo ule mweupe wa vilima vya Pugu, pale Kisarawe nje kidogo ya Dar es Salaam, ilizaliwa kwa kuoza kwa namna hiyo. Udongo mwekundu wa kando ya mto nao ni vipande vya jamii hiyo hiyo, ila umesafiri na maji na kuokota chuma, mchanga na mabaki ya mimea njiani.

Weka maji kati ya vioo viwili vya dirisha uvibane pamoja. Vitateleza kimoja juu ya kingine, lakini kuvibandua ni kazi. Ndivyo vipande vya udongo vinavyofanya vikilowa. Ukiusukuma udongo unakwenda, ukiuacha unabaki pale pale ulipouacha. Mchanga hauwezi hivyo, kwa sababu chembe zake hazina ubapa wa kushikamana.

Chombo kikikauka, maji hayo yanatoka, vipande vinasogeleana na chombo kinasinyaa. Udongo ninaoutumia husinyaa kama asilimia 12 tangu ubichi hadi mchomo wa mwisho, kwa hiyo kikombe nilichokifinyanga kwa kimo cha sentimita 10 hutoka tanuruni hakifiki 9. Kusinyaa si tatizo. Tatizo ni kusinyaa kusiko sawa. Mkono wa kikombe ni mwembamba, hukauka kwanza. Ukimaliza kusinyaa wakati tumbo la kikombe bado libichi, ufa hutokea kwenye maungio. Ndiyo maana wakati wa kaskazi, upepo ukiwa mkali, vikombe vyangu vinashinda vimefunikwa kwa mifuko ya plastiki kama wagonjwa wa homa, na wakati wa masika ninavifunua na bado vinakaa wiki nzima havijakauka. Msemo wa udongo uwahi ungali maji watu huutumia kwa malezi ya watoto. Karakanani ni maelekezo ya kazi: mkono wa kikombe unaungwa siku ile ile au kesho yake asubuhi, keshokutwa umechelewa.

Hayo ni maji ya kwanza, maji uliyoyatia mwenyewe. Maji ya pili hayaonekani. Yamo ndani ya vipande vyenyewe, yamefungwa humo tangu mwamba ulipooza. Kaolini iliyokauka kabisa, ambayo ukiishika ni vumbi tupu, bado ina maji ya namna hii kiasi cha asilimia 14 ya uzito wake. Jua haliyatoi hata ukianika mwaka mzima. Yanaanza kutoka moto ukipita nyuzi 450 hivi, na yanakaribia kwisha kwenye nyuzi 600 (nyuzi zote ninazotaja hapa ni za Selsiasi). Hapo ndipo udongo unavuka. Kabla ya hapo, chombo chochote ukikitumbukiza kwenye ndoo ya maji kinarudi kuwa tope na unaweza kukifinyanga upya. Baada ya hapo hakirudi tena. Vigae (vipande vya vyungu vya kale) vya aina ya Urewe vinavyofukuliwa kuzunguka Ziwa Viktoria, na vile vya Kwale nyuma ya pwani ya Mombasa, vimelala ardhini kwa zaidi ya miaka 1,500 vikinyeshewa, na bado michoro iliyochorwa na mfinyanzi kwenye shingo za vyungu inasomeka. Kama moto wake haungefika mahali maji ya pili yanapotoka, tusingekuwa na kigae hata kimoja.

Angalia basi: moto wa nyasi na kuni, ule wa asubuhi moja, unafika kati ya nyuzi 600 na 800, na mara nyingine zaidi kidogo. Umevuka mstari. Chungu cha bibi kimeiva. Tena kimeiva kwa ukamilifu kwa kazi kiliyokusudiwa, na hilo ndilo nitakalolieleza sasa.

Ufa unaopotea njiani

Fikiria chungu kimeinjikwa kwenye mafiga. Kitako kinapigwa na ndimi za moto, mdomo uko hewani, ndani kuna maji ambayo hayawezi kuzidi nyuzi 100 hata moto uwe mkali vipi. Kila kitu kikipashwa hutanuka, na hapa kitako cha nje kinataka kutanuka kuliko ndani, na tumbo kuliko shingo. Chungu kinavutana chenyewe kwa chenyewe. Mvutano huo lazima uzae nyufa ndogo ndogo. Tofauti ya chungu na kikombe iko kwenye jambo linalofuata, yaani ufa ukishazaliwa unakwenda wapi.

Ndani ya chungu cha kupikia kuna vitundu vingi visivyohesabika, na kuna chembe za mchanga, au changarawe, au vigae vilivyotwangwa. Wafinyanzi wa sehemu nyingi huzichanganya makusudi; wengine huchagua shimo ambalo udongo wake unatoka na mchanga wake tayari. Ufa ukianza kutembea unakutana na tundu, ncha yake inakosa makali, unasimama. Ukipata nguvu tena unakutana na chembe ya kigae, unalazimika kuizunguka. Chungu kizee ambacho kimepikiwa miaka 20 kina nyufa nyingi ndani yake, zote fupi, zote zimesimama. Ukikigonga hakilii kama kengele, kinatoa sauti nzito kama ya mlango wa mbao. Wanaodhani sauti hiyo ni ubovu wanakosea, maana ndani ya sauti hiyo ndimo ulimo ustahimilivu wake.

Kikombe changu kina habari nyingine. Nimekipandisha hadi nyuzi 1,220, na kwenye joto hilo sehemu ya udongo imeyeyuka kuwa kioo, ikatiririka ndani ya vile vitundu na kuviziba. Ukikiacha ndani ya maji usiku kucha hakinywi hata asilimia 2 ya uzito wake. Kinastahimili kugongwa, kuoshwa kila siku, na chai ya moto bila kuvuja. Lakini ufa ukizaliwa ndani yake haukuti pa kusimama. Unakwenda moja kwa moja kama ufa wa kioo cha gari, kutoka kitako hadi mdomo. Kukiweka juu ya mkaa ni kukipa mvutano ule ule wa mafiga bila kukipa namna ya kuumeza.

Kwa hiyo jibu la kwanza nililompa yule dada lilikuwa hili: vyote viwili vimeiva, kila kimoja kwa kazi yake. Ukikipeleka chungu cha bibi kwenye tanuru langu kwa nyuzi 1,220, kuna uwezekano mkubwa kitalegea, kitavimba, na huenda kikayeyuka juu ya rafu, kwa sababu chuma na chumvi zilizomo kwenye udongo mwekundu huufanya uyeyuke mapema. Ukikichoma kikombe changu kwa moto wa nyasi kitanywa chai pamoja nawe.

Jambo hili limewahi kuwa la maana sana kwa maisha ya watu wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilianza kutengeneza jiko la mkaa lenye umbo la kiuno chembamba na bitana ya udongo wa kuchoma ndani ya bati, lile ambalo leo liko karibu kila uchochoro wa Afrika Mashariki. Bitana ile inakaa ndani ya makaa mekundu kila siku na inamwagikiwa maji ya ugali. Kauri ngumu ya kengele haiwezi kazi hiyo. Kinachofaa ni udongo wenye vitundu, uliochomwa kwa moto wa wastani, yaani maarifa ya chungu yakiwa yamehamia ndani ya bati.

Na mtungi ni vitundu hivyo hivyo. Maji yanapenya polepole hadi ngozi ya nje, yanakuwa mvuke, na kila tone linaloondoka linachukua joto na kuyaacha yaliyobaki ndani yakiwa baridi. Mtungi usiotoka jasho haupozi. Bibi anayekwambia usiupake rangi mtungi anakupa fizikia sahihi.

Ngozi ya kioo

Watu wakiingia karakanani huvutwa kwanza na glezi, ile ngozi ya kioo inayong'aa juu ya vikombe na sahani. Pwani yetu inaijua glezi kwa zaidi ya miaka elfu moja, ila ilikuja kwa jahazi. Kilwa na Gedi zimejaa vipande vya vyombo vya Uajemi vya kijani na bluu na vya China vya kijani cha majani mabichi, na pale Kunduchi, ndani ya Dar es Salaam ya leo, makaburi ya mnara yalipambwa kwa kupachika sahani za kauri za China ukutani. Wafinyanzi wa hapa, wakati huo huo, waliendelea kufinyanga vyungu visivyo na glezi, na wapishi wa nyumba zile zile za mawe waliendelea kuvitumia jikoni. Mezani sahani ya China, jikoni chungu cha hapa. Sioni kama walikuwa nyuma ya wakati. Naona walijua kila chombo mahali pake.

Glezi ni kioo, na kioo ni silika, yaani mchanga safi. Shida yake ni kwamba silika peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 1,700, joto ambalo mwili wa kikombe hauliwezi na tanuru langu halilifikii. Kwa hiyo unaichanganya na kiyeyushi: magadi, chokaa, potashi ya majivu, au borati. Halafu unatia kidogo alumina, ambayo hupatikana ndani ya kaolini, ili kioo kiwe kizito kisitiririke hadi kwenye rafu. Vitu vitatu, na uwiano wake ndio unaoamua kama glezi itang'aa, itafifia, itaganda kama sukari au itamwagika.

Sasa hapa wengi hukwama. Glezi inapoa pamoja na kikombe, na vyote viwili vinasinyaa. Glezi ikisinyaa kuliko kikombe inakuwa kama nguo iliyobana, inachanika kwa mistari myembamba kama wavu wa samaki. Mistari hiyo hupendeza kwenye chombo cha maua. Kwenye bakuli la chakula hupitisha maji na mafuta hadi ndani ya mwili wa bakuli.

Na kuna jambo moja ambalo sina simile nalo. Risasi, ile metali nzito, ni kiyeyushi kizuri ajabu. Huyeyusha glezi kwa moto mdogo na kuipa mng'ao wa maji. Pia ni sumu, na inatoka ndani ya glezi mbovu ikikutana na ndimu, ukwaju au siki, taratibu, mlo baada ya mlo, na wanaoumia zaidi ni watoto. Ukinunua unga wa glezi usio na maelezo ya kilichomo, usiutie kwenye chombo cha kulia. Mwanafunzi akiniletea bakuli lililonunuliwa sokoni lenye rangi kali juu ya udongo laini, akauliza kama ni salama kwa achari, namwambia aliweke ukutani.

Wanawake wawili na mioto miwili

Swali la yule dada liliwahi kujibiwa kwa mikono, huko Nigeria, na wanawake wawili ambao kila mwanafunzi wangu anawajua kabla hajagusa gurudumu la kufinyangia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, jina lake la kale likiwa limechukuliwa na mji mkuu. Alileta magurudumu, tanuru la kuni lenye moto mkali, na glezi. Ladi Kwali, mzaliwa wa kijiji cha Kwali, tayari alikuwa fundi aliyefundishwa na shangazi yake. Mitungi yake ilikuwa ndani ya ikulu ya Emiri wa Abuja, na Cardew aliiona humo. Mwaka 1954 aliingia kituoni, mwanamke wa kwanza. Aliendelea kufinyanga mitungi kwa kamba za udongo kama alivyofundishwa, akiizunguka yeye mwenyewe, akichora mijusi na nyoka ubavuni. Kilichobadilika ni moto. Mitungi sasa ilipakwa glezi na kuchomwa kwa joto la juu. Ilikwenda kuonyeshwa Ulaya na Marekani, na picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20.

Lakini mtungi uliozibwa kwa kioo hautoki jasho. Hauwezi tena kupoza maji. Kwa kubadilisha moto peke yake, chombo cha nyumbani kikawa chombo cha kutazamwa. Silisemi hili kwa kulaumu, vyombo vile ni vizuri mno. Nalisema kwa sababu hakuna mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha kwamba kupandisha joto ni kubadilisha kazi ya chombo.

Wa pili ni Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Alikwenda Uingereza 1971 kusomea sanaa, na mwaka 1974 akafika Abuja akajifunza kwa Ladi Kwali na wenzake. Angeweza kushika njia ya glezi na moto mkali, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifundishwa vyuoni. Akaenda njia nyingine. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, hupakwa uji laini wa udongo, husuguliwa hadi ving'are bila tone la glezi, kisha huchomwa kwa moto wa wastani. Chombo kilichochomwa kwenye hewa tele hutoka chekundu kama boga lililoiva. Akikichoma tena kwenye moto ulionyimwa hewa kinatoka cheusi. Wengi hudhani ni rangi mbili, kumbe udongo ni ule ule. Chuma kilichomo kikipata oksijeni ya kutosha kinakuwa chekundu, kama kutu. Moto ukinyimwa hewa unaipokonya chuma oksijeni yake, na moshi unaacha kaboni ndani ya vitundu. Mfinyanzi yeyote wa kijijini aliyewahi kufunika vyungu vya moto kwa majani mabichi anajua kulifanya hilo. Odundo alilibeba hadi kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na miaka yote hiyo alikuwa pia mwalimu, hadi uprofesa huko Farnham, Uingereza.

Kwa nini mfinyanzi hufundisha

Watu huniuliza kama ualimu ni wito au ni njaa. Ni vyote viwili, na sioni haya kwa lolote kati yake.

Kikombe hukaa kwenye gurudumu dakika tano. Hizo ndizo dakika ambazo watu hupiga video. Kabla ya hapo udongo umelowekwa, umechujwa, umekandwa kama unga wa chapati mpaka hewa yote itoke. Baada ya hapo kuna kusawazisha kitako, kuunga mkono, kukausha siku saba hadi kumi, mchomo wa kwanza wa nyuzi 1,000 unaopandishwa taratibu kwa saa kumi na zaidi, kupoa siku nzima, kupaka glezi, mchomo wa pili, kupoa tena. Wiki tatu. Kisha kinawekwa mezani kando ya kikombe cha kiwandani ambacho mashine imekimaliza bila mkono wa mtu. Siwezi kushindana nacho kwa bei na sijaribu. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Wengi huisikia kama kejeli, kwamba fundi hana chombo kizuri kwake. Mimi naisikia kama hesabu: chombo kizima ni cha kuuzwa, kilichopasuka ndicho chako. Darasa la Jumamosi ndilo linalolipa kodi na umeme. Vyombo vinalipa udongo na glezi, na mwezi mzuri vinabakisha.

Lakini ualimu una faida ambayo sikuitarajia. Nikiwa peke yangu, kosa ninalolijua silichunguzi tena. Mwanafunzi huniletea makosa mapya kila wiki na kunilazimisha nijue sababu. Kosa la kwanza kabisa la kila darasa ni papara. Mtu ameficha unene chini ya sanamu, nje imekauka, ndani bado mbichi. Tanuru likifika nyuzi 100 maji yale yanageuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600. Chombo kinalipuka, na vipande vyake vinavunja kazi ya jirani. Kwa hiyo nawafundisha kukiweka chombo shavuni. Kikiwa na ubaridi kuliko hewa, bado kina maji, kirudishe rafuni.

Papara niliijua kwangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na sahani 40 za mteja, siku ya kuzikabidhi imefika, na kipimajoto kinasoma nyuzi 290. Nikafungua mlango wa tanuru vidole viwili. Nikasikia tin, kimya, tin, kimya, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko. Sahani 23 zilipasuka. Silika ndani ya kauri hubadilisha umbo lake ghafla ikipoa, mara moja karibu na nyuzi 573 na, kwa sehemu yake nyingine, karibu na 226. Kila badiliko ni kusinyaa kwa ghafla, na upepo wa mlangoni ulifanya upande mmoja wa sahani usinyae kabla ya mwingine. Tangu siku hiyo tanuru langu halifunguliwi kabla ya nyuzi 100, na darasa lote linaijua sauti ile kwa simulizi.

Jambo jingine ninalolishikilia ni vumbi. Udongo mkavu ukifagiliwa hutoa vumbi la silika ambalo huingia mapafuni na halitoki, na ugonjwa wake, ule ule unaowapata wachimbaji wa migodi, hauna tiba. Hakuna ufagio karakanani kwangu. Tunapiga deki.

Katika chuo nilichosomea, moto wa wazi ulitajwa kwenye kipindi kimoja tu, tena cha historia. Tulifundishwa gurudumu, tanuru la umeme, na zile koni ndogo za udongo zinazoinama joto linapotosha, ambazo Hermann Seger alizibuni Berlin mwaka 1886 baada ya kutambua kwamba udongo huhesabu muda wa moto na si joto peke yake. Elimu nzuri, naitumia kila wiki. Lakini wanawake wa Ikombe, ambao vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo pale Matema na kutoka hapo kusambaa mbali, hawakutajwa kama walimu. Walitajwa kama "asili". Neno hilo likishatamkwa watu huacha kuuliza. Hakuna anayeuliza asili hiyo inajua nini kuhusu chembe, unyevu, hewa na rangi ya moto, ilhali inavijua vyote.

Yule dada muuguzi hakutaka kikombe. Alitaka chungu. Tukatwanga vigae, tukachanganya sehemu moja kwa tatu za udongo mwekundu, akajenga vyungu tisa kwa kamba za udongo, tukavianika wiki mbili. Siku ya kuchoma alimpigia simu shangazi yake Ikombe, akaweka spika, na shangazi akatufundisha sote. Vyungu vipashwe kwanza kando ya moto, midomo ikiwa chini, mpaka viwe vya moto visivyoshikika. Kuni nene chini, nyasi juu. Akauliza moto una rangi gani, tukamjibu mwekundu wa damu. "Bado," akasema. Baadaye tukamwambia umekuwa kama ganda la chungwa. "Uacheni hapo, msiongeze."

Viwili vilipasuka, saba vilitoka vizima. Jioni alikiinjika kimoja kwenye mafiga matatu ya uani akakitia uji wa mahindi. Dakika za mwanzo chungu kilitoka jasho pande zote, matone yakishuka ubavuni na kufoka juu ya makaa, na wanafunzi wawili wakadhani kinavuja. Akaendelea kukoroga. Wanga wa uji ukaingia kwenye vitundu ukavifunga, mmoja mmoja, na uji ulipoanza kuchemka ubavu wa chungu ulikuwa mkavu.